Jina, Neno na Damu: Imani ya Mhadhiri Mmoja na Utamaduni Wake

Utangulizi

Katika semina moja ya wanafunzi wa uzamili, mjadala ulipofikia kifo cha Muthoni katika riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o, The River Between (1965), mwanafunzi mmoja alilifunga daftari lake na kumuuliza mhadhiri swali ambalo halikuihusu riwaya hiyo. "Mwalimu," alisema, "miaka yote hii umetufundisha kwamba kanisa na ukoloni vilikuwa chanda na pete. Nawe kila Jumapili uko kanisani. Tukuamini lipi?"

Mhadhiri hakumjibu siku hiyo. Aliahidi kulijibu swali hilo juma lililofuata, na juma lililofuata akaahidi tena.

Swali lenyewe si geni katika idara za fasihi nchini Kenya. Tangu Ngũgĩ, Owuor Anyumba na Taban lo Liyong walipotoa hoja yao ya mwaka 1968 ya kuiondoa Idara ya Kiingereza katika chuo kikuu cha Nairobi, uhakiki umezoea kuitazama misheni kama mojawapo ya asasi zilizoupokonya utamaduni wa Mwafrika thamani yake. Mwaka 1970 Ngũgĩ aliwaambia viongozi wa Kanisa la Presbiteri waliokutana Nairobi kwamba yeye hakuwa Mkristo, na baadaye akaliacha jina lake la ubatizo. Mhadhiri huyu alilelewa kitaaluma katika mkondo huo huo. Hotuba ya Ngũgĩ aliisoma akiwa mwanafunzi, akaipigia mistari kwa kalamu nyekundu, na Jumapili iliyofuata akaenda kanisani. Kwa hiyo swali aliloulizwa katika semina lilikuwa swali lake mwenyewe, alilolikwepa kwa zaidi ya miaka ishirini. Makala haya yanaifuata njia aliyopita katika kulijibu.

Nyanya na Mwaka wa 1929

Njia hiyo inaanzia kwa nyanya yake mzaa mama. Nyanya huyo alikuwa msichana wa miaka kama kumi na minne, akiishi karibu na kituo cha misheni katika nchi ya Wagikuyu, mgogoro wa tohara ya wasichana ulipofikia kilele mwaka 1929. Misheni kadhaa, hasa ile ya Kanisa la Scotland na Africa Inland Mission, ziliwataka waumini wao waape kuiacha desturi hiyo. Waliotia sahihi au alama ya kidole wakaitwa "kirore". Wengi walikataa, wakayahama makanisa na kuanzisha shule na makanisa yao huru. Wimbo wa Mũthĩrĩgũ, uliowakejeli wamisheni, watawala na waliowatii, ulienea hadi serikali ikaupiga marufuku.

Baba yake msichana huyo alitia alama ya kidole. Binti yake hakutahiriwa. Yaliyofuata hayakuwa mepesi: wenzake walimwita kĩrĩgũ, jina la dharau kwa msichana asiyetahiriwa, hakuwa na rika ambalo angeweza kulitaja kuwa lake, na miongoni mwa ukoo wake walikuwako waliosema kwamba hatapata mume. Kwa upande mwingine, misheni iliyomlinda dhidi ya kisu ilimwambia siku ya ubatizo kwamba jina alilopewa na wazazi wake ni la kishenzi, ikampa jina la Kizungu. Ilimkataza pia ngoma na nyimbo za wasichana, hata zile ambazo hazikuwa na uhusiano wowote na tohara.

Mhadhiri anakumbuka tukio moja la utotoni. Aliingia jikoni mwa nyanya yake bila kubisha hodi, akamkuta akipepeta maharagwe huku akiimba kwa sauti ya chini wimbo ambao haukuwa wa kanisani. Nyanya alipomwona alinyamaza, kisha akaanza utenzi wa rohoni kutoka kitabu cha nyimbo, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Wimbo wa kwanza hakuurudia kamwe, wala mjukuu hakuwahi kuthubutu kumwomba aurudie.

Katika tukio hilo dogo umo mgogoro wote ambao mwanafunzi aliuuliza. Mhadhiri hawezi kuilaani misheni moja kwa moja, maana nyanya ambaye hakutahiriwa alisoma, akawasomesha binti zake, nao wakawasomesha wao; elimu ya mhadhiri mwenyewe ni tunda la alama ile ya kidole. Wala hawezi kuitakasa, maana asasi iliyouokoa mwili wa msichana ndiyo iliyouziba mdomo wake. Mhakiki anayetaka hukumu moja tu juu ya asasi hiyo hana budi kuchagua nusu ya ushahidi.

Neno na Tafsiri

Hatua ya pili ilikuwa ya kiisimu, kwa kuwa hiyo ndiyo taaluma iliyo karibu na kazi yake. Mwandishi wa Gambia Lamin Sanneh, aliyezaliwa Mwislamu akawa Mkristo, alitoa hoja katika kitabu chake cha mwaka 1989 kwamba Ukristo ni dini ya tafsiri: haukufungwa katika lugha ya mwanzilishi wake, na kila mara mmisheni alipoitafsiri Biblia katika lugha ya wenyeji, aliipa lugha hiyo silaha ambayo baadaye ingemhukumu yeye mwenyewe. Mhadhiri aliikubali hoja hii, lakini si bila masharti. Mtafsiri naye ana mamlaka, na mamlaka hukosea.

Mfano unaojulikana sana ni ule wa Okot p'Bitek. Katika uhakiki wake wa wataalamu wa dini za Kiafrika, na kwa mzaha mkali zaidi katika Song of Lawino (1966), Okot anaonyesha jinsi wamisheni walivyowauliza wazee wa Waacholi ni nani aliyewafinyanga. Swali hilo halikuwa na maana katika mawazo yao. Walipobanwa sana wakalitaja jina la Rubanga, ambaye ni pepo anayesadikiwa kuvunja uti wa mgongo na kuwaacha watu na vibyongo. Jina la pepo huyo likawa jina la Mungu katika vitabu vya sala. Okot aliona hapo ushahidi kwamba jengo zima ni bovu. Mhadhiri anaona kosa ambalo Waacholi wenyewe, kwa kuwa ni wenye lugha, ndio waliokuwa na uwezo wa kuligundua na kulicheka.

Mfano wa pili uko nyumbani kwake. Waliotafsiri Agano Jipya katika Gikuyu walimwita Bikira Mariamu mũirĩtu. Katika matumizi ya wakati huo, mũirĩtu hakuwa msichana yeyote tu. Alikuwa msichana aliyekwisha tahiriwa na ambaye hajaolewa. Mgogoro wa 1929 ulipozuka, waliotetea tohara walikuwa na hoja ya kimaandishi: Biblia ya wamisheni yenyewe inasema kwamba mama wa Yesu alitahiriwa. Neno lililochaguliwa na misheni lilimrudia mwenyewe mikononi mwa wasomaji wake. Hawa hawakuwa watu waliomezwa na dini ya kigeni. Walikuwa wahakiki wa matini kabla ya idara yoyote ya fasihi kuanzishwa nchini.

Mfano wa tatu ni Kiswahili, lugha anayoifundisha. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, naye Edward Steere akafanya kazi Unguja miongo michache baadaye; tafsiri zilizotokana na kazi za pande hizo mbili zilikuja kuunganishwa katika Biblia iliyochapishwa mwaka 1952. Mkristo anayesali kwa lugha hiyo anakiri dhambi, anaomba neema, anasoma Injili, anawataja malaika na msalaba, anaingia kanisani. Na maneno yote hayo yamepitia Kiarabu. Anapomwita padri, anatumia neno la Wareno. Anapomtaja Mungu na Mwokozi, amerejea katika mizizi ya Kibantu. Mathias Mnyampala, Mgogo na Mkatoliki, alipotaka kuisimulia Injili kishairi aliuchagua utenzi, umbo lililokuzwa kwa karne nyingi na washairi Waislamu wa pwani, akatunga Utenzi wa Enjili Takatifu. Je, ni utamaduni wa nani uliosalitiwa hapo?

Hata jina Ngai, ambalo Wagikuyu huliona kuwa lao kabisa, ni jina ambalo Wakamba nao wanalo, na Wamaasai humwita Mungu Enkai. Utamaduni ambao mhadhiri aliambiwa aulinde dhidi ya mambo ya kuja ulikuwa tayari umeazima jina lililo tukufu kuliko yote. Hili halikumfanya authamini kidogo. Lilimwondolea dhana kwamba imani iliyopokewa kutoka kwa wengine haiwezi kuwa mali ya aliyeipokea.

Damu na Kiapo

Hoja ya lugha ingeweza kubaki ya kitaaluma tu, kama si kumbukumbu nyingine ya nyanya yule. Uamsho wa Afrika Mashariki, uliochipuka Gahini nchini Rwanda, uliingia Kenya mwishoni mwa miaka ya 1930, naye akawa miongoni mwa waliojiita waliookoka. Hali ya hatari ilipotangazwa mwezi wa Oktoba 1952, watu hao walijikuta kati ya nyundo mbili. Wapiganaji wa Mau Mau waliwataka wale kiapo; serikali iliwataka wachukue silaha dhidi ya wapiganaji. Wengi wao walivikataa vyote viwili, na baadhi yao wakauawa.

Nyanya alikataa kiapo. Sababu aliyoitoa, kama alivyowasimulia wajukuu, ni kwamba alikuwa amekwisha kunywa damu ya Yesu, na hangeweza kunywa juu yake damu ya mbuzi. Mhadhiri aliisikia habari hiyo mara nyingi kama mfano wa ushujaa wa Kikristo. Alipoirudia akiwa mhakiki, aligundua kwamba haikuwa imesomwa vizuri. Mmisheni wa Scotland asingeitoa sababu ya namna hiyo. Pengine angesema kwamba kiapo ni kinyume cha amri za Mungu au sheria za nchi. Nyanya aliijibu hoja ya kiapo kwa mantiki ya kiapo: damu humfunga mtu, aliyekwisha fungwa hafungwi mara ya pili, na anayechanganya viapo hujiletea mauti. Meza ya Bwana aliielewa kwa maarifa ya mababu zake juu ya nguvu ya maagano. Jina lake walilifuta na wimbo wake wakauzima, lakini fikra yake ilibaki ya Kigikuyu hadi mwisho, na ndiyo iliyompa ujasiri wa kukaa Mkristo.

Hapa pana jambo ambalo uhakiki wa kizalendo haukuliona. Uliwasoma waliookoka kama vibaraka tu, au haukuwasoma kabisa. Hata hivyo, ifahamike kwamba mhadhiri hadai nyanya yake alikuwa sahihi kisiasa. Waliokula kiapo walipigania ardhi yao iliyoporwa, na miongoni mwao walikuwamo ndugu zake nyanya. Anachodai ni kwamba kukataa kwake kulikuwa tendo la mtu mwenye utamaduni.

Baraza la Yerusalemu na Kisu

Yote haya yanaeleza jinsi Mkristo anavyoweza kuwa Mgikuyu au Mswahili. Hayajaeleza anachokiamini. Mhadhiri anaamini kwamba Mungu hakusafirishwa kwa meli hadi Mombasa. Katika hili anakubaliana na John Mbiti (1931–2019), aliyeshikilia kwamba Mungu alikuwa akijulikana Afrika kabla ya wamisheni. Anaamini pia kwamba Mungu huyo alitwaa mwili, na kwamba mwili huo haukuwa wa mtu wa jumla asiye na kwao. Ulikuwa wa Myahudi wa Galilaya, mwenye lugha na lafudhi yake, aliyetahiriwa siku ya nane kama watoto wa kwao. Mungu aliyekubali kuwa na utamaduni hawezi kuwadai wengine wauvue wao mlangoni.

Aidha, anaona kwamba mgogoro mkuu wa kwanza wa kanisa ulikuwa juu ya jambo lile lile lililowagawa Wagikuyu. Matendo ya Mitume, sura ya 15, inasimulia jinsi wazee walivyokutana Yerusalemu kuamua kama waumini wa Mataifa ni lazima watahiriwe. Waliamua kwamba si lazima. Hawakuwaambia Wayahudi waiache tohara yao. Walikataa tu kuufanya wokovu utegemee desturi ya watu fulani. Misheni za 1929 ziliupindua uamuzi huo. Zilimtenga muumini kwa ajili ya desturi, na wakati huo huo zikaongeza desturi zao wenyewe, yaani majina, mavazi na tuni, kana kwamba nazo zilishuka kutoka mbinguni.

Je, basi Jomo Kenyatta alikuwa na haki alipoitetea tohara ya wasichana katika Facing Mount Kenya (1938)? Mhadhiri anajibu kwamba hapana, na hapa anatengana na wazalendo aliowapenda. Kenyatta alionyesha kwa usahihi kwamba sherehe ile ilibeba elimu, rika na uraia wa jamii nzima. Lakini elimu, rika na uraia havikaa katika jeraha. Kisu kilikuwa kibaya kwa sababu kilimdhuru mtoto. Misheni iliyokikataa kwa sababu ni cha kishenzi ilifikia uamuzi sahihi kwa sababu mbovu, na sababu hiyo mbovu ndiyo iliyowafanya watu wakishikilie kwa nusu karne zaidi kama bendera. Sheria ya Kenya ya mwaka 2011 inayokataza ukeketaji haikuhitaji kumwita mtu yeyote mshenzi.

Katika mwanga huo, mhadhiri anamsoma Muthoni upya. Binti huyo wa mhubiri Joshua anataka kuwa mwanamke kamili wa kabila lake bila kumwacha Kristo, naye anakufa kwa jeraha akisema kwamba amemwona Yesu. Imekuwa kawaida kukisoma kifo hicho kama tangazo kwamba mambo hayo mawili hayachanganyiki. Lakini Ngũgĩ hakuyaweka maneno ya kushindwa kinywani mwake. Waliomshindwa ni wazee wa pande zote mbili: baba ambaye hakumwachia nafasi yoyote ya kuwa Mgikuyu nyumbani mwake, na ukoo ambao haukuwa na njia nyingine ya kumpokea isipokuwa ile iliyomuua.

Hitimisho

Mwishoni mwa muhula, mhadhiri alimjibu mwanafunzi wake. Alimwambia kwamba aliyoyafundisha juu ya kanisa na ukoloni ni kweli, na kwamba hatayafuta. Alimwambia pia kwamba imani yake haiko juu ya uhakiki huo wala chini yake. Imani hiyo ndiyo inayompa kipimo: anaihukumu misheni kwa Injili ile ile ambayo misheni iliileta, kama walivyofanya wale waliolishika neno mũirĩtu na kuuliza lina maana gani. Mwanafunzi aliuliza kama jibu hilo halikuwa njia ya kutaka vyote viwili. Mhadhiri alikiri kwamba huenda ndivyo, akaongeza kwamba nyanya yake hakupewa hata nafasi ya kuvitaka.

Liko jambo moja ambalo hakulisema darasani. Kwa desturi ya Wagikuyu binti wa pili hupewa jina la nyanya mzaa mama, naye ni binti wa pili. Jina ambalo misheni ililiacha nje ya mlango wa kanisa ndilo analoitwa yeye, na ameliandika katika kila alichochapisha, sambamba na jina lake la ubatizo ambalo, tofauti na Ngũgĩ, hakuliacha. Mwaka 1988 alipompeleka binti yake abatizwe, alimwomba kasisi ambatize kwa jina la Kigikuyu peke yake. Kasisi alisita, akaitazama tena karatasi kana kwamba sehemu fulani haikujazwa, akauliza kama hakuna jina jingine. Mama akasema hakuna. Kimya kilikuwa kirefu. Kisha kasisi akachota maji, akalitamka jina lile mara moja, kwa Baba na kwa Mwana na kwa Roho Mtakatifu.

Nyanya alikuwa ameketi katika safu ya mbele, amejitanda leso, mikono juu ya mkongojo. Baada ya ibada hakuzungumza juu ya mahubiri wala chakula. Alimshika mtoto, akamtazama kwa muda, akasema neno moja ambalo mjukuu wake amelibeba tangu siku hiyo, asijue kama lilikuwa la shukrani au la uchungu: "Kumbe iliwezekana."